Kovu la Nahodha Tindi

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za stoo, mkanikatia keki, mkanipa saa ya ukutani. Saa! Mtu aliyeangalia saa miaka thelathini na moja, zawadi yake ni saa. Haya, asanteni, iko ukutani na inachelewa dakika tatu. Siku hiyo Beryl wa chumba cha uhariri alinishika mkono akaniambia, "Mama Akoth, tuandikie basi hayo mambo yako, kabla hujapotelea huko Nyakach na kuku." Nimeandika. Kama mnataka kujua nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa, ulizeni wengine, wapo wengi na wana muda. Mimi nitawaambia kazi inavyofanywa, na siku niliyoifanya vibaya, na jinsi nilivyoifanya vibaya zaidi baada ya hapo.

Kazi yangu ilikuwa kutunza mwendelezo. Picha za tamthilia hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Mtu anaingia mlangoni Jumatatu, anaketi kitini Alhamisi, na kwenye televisheni hizo ni sekunde mbili. Kama Jumatatu alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, Alhamisi hawezi kukishika kwa wa kulia. Wa kukumbuka ni mtu mmoja tu, na kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuielewa. Akiulizwa nafanya nini mjini alisema nalinda vikombe.

Aliyenifundisha ni Mzee Nashon, ambaye wengi wenu mnamjua kwa ile picha iliyo karibu na choo. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha hata kamera. Alinituma Kibuye nikasimame mbele ya muuza nyanya dakika tano, kisha nirudi. Niliporudi akauliza: huyo mama alikuwa na pete? Alifunga leso fundo la mbele au la pembeni? Fungu la tatu lilikuwa na nyanya ngapi? Mimi nilichojua ni bei tu. "Bei kila mtu anaijua," alisema, akanirudisha tena sokoni, jua la saa saba, na viatu vya kisigino nilivyovaa kwa sababu ilikuwa siku ya kwanza.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kitabu kigumu cha mistari, kila ukurasa umepigwa safu: saa, onyesho, teki (yaani onyesho linapigwa mara ya ngapi), nguo, mikono, mwili, vitu vya mezani. Biro nyeusi ya ofisi, nimeifunga kwa uzi shingoni kwa sababu wapiga picha wote ni wezi wa biro. Saa ya kusimamisha. Kamera ndogo, na baadaye simu. Na kikapu cha kuwekea simu za watu wote, zikiwa zimezimwa mlio. Kanuni ya kikapu niliileta mimi, na niliisimamia kikatili. Mzee Nashon naye alikuwa na kanuni yake: hakuna anayetegemea kichwa chake, kila mtu anauliza kitabu, na kitabu kinaandikwa papo hapo. Ukiandika baadaye, alisema, utaandika unachotaka.

Nimefanya vipindi vingi. Vya kilimo, vya kwaya, tamthilia tatu za wake wenza ambazo sitazitaja majina. Lakini watu wakinisimamisha njiani huniuliza kimoja tu, "Maji ya Juu".

Nyinyi wa juzi huenda hamkukiona. Kilikuwa kipindi cha mambo ya siku zijazo. Ziwa limepanda, limemeza Kisumu yote, na watu waliobaki wanaishi kwenye kituo kinachoelea, wanaongozwa na Nahodha Tindi. Nahodha aliigizwa na Bwana Otiende, mwalimu wa shule ya msingi mwenye sauti ya kukemea darasa la watoto themanini. Sare ya kituo ilikuwa jaketi za kuokolea maisha za rangi ya chungwa, kwa sababu ndizo tulizokuwa nazo. Tulipigia picha ufukweni Kusa, chini ya Pap Onditi, na adui yangu mkubwa huko yalikuwa magugumaji. Asubuhi ziwa jeupe, tunapiga nusu ya onyesho. Mkienda kula na kurudi, ziwa ni shamba. Nililalamika mpaka mwandishi akaamua kuwa magugu ni kiumbe kutoka sayari nyingine kinachofuata kituo. Watazamaji walisema ni ubunifu wa hali ya juu.

Nahodha alikuwa na kovu refu kwenye mkono wa kushoto, kutoka kwenye kiwiko hadi kifundoni. Aliyelitengeneza ni Salome Adhiambo, fundi wetu wa mapambo, mwanamke mrefu, mkimya, wa miaka thelathini na kitu. Hakufundishwa na mtu. Gundi, karatasi ya tishu, rangi tatu, dakika arobaini, na ungeapa kuwa huyo mtu aliwahi kupasuliwa na propela. Kila asubuhi, kabla hajafungua boksi lake, alinigeukia na kuuliza, "Mama Akoth, kitabu kinasema mkono gani?" Alijua jibu kuliko mimi. Aliuliza kwa sababu ndiyo kanuni.

Sasa ile siku. Mume wangu, Baba Akoth, alikuwa amelazwa wiki ya tatu kwa ajili ya figo. Alikuwa mwalimu pia, mpole kiasi cha kuudhi. Nilipitia wodini alfajiri na uji. Akaniambia, "Kaa kidogo. Dada yangu anakuja saa mbili." Nikamwambia gari la kazi linaondoka saa kumi na mbili na nusu, na ghuba ikifungwa na magugu leo hatutapata siku nyingine. Akacheka kidogo. "Nenda basi," akasema, "vikombe vitaanguka." Nilimwekea uji karibu na mkono, nikaondoka.

Kusa nilikuwa nimesimama lakini sikuwepo. Salome akauliza kama kawaida, kitabu kinasema mkono gani. Kitabu sikukifungua. Nilimtazama Bwana Otiende aliyeketi mbele yangu, nikaona kwa macho ya akili kovu lilikokaa siku zote, upande wangu wa kulia, nikasema, "Kulia." Mnaona? Mtu akikuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Salome alisita. "Kulia?" Nikamjibu vibaya, "Salome, nimesema kulia." Bwana Otiende mwenyewe alikuwa amefumba macho, anasoma mistari yake moyoni. Salome akaweka kulia.

Tulipiga onyesho la nahodha akisimama kwenye mlango wa kituo, maji yakipanda, akitazama moja kwa moja kwenye kamera. Teki tatu. Niliandika saa zote, nguo zote. Safu ya mwili niliiacha wazi, nikisema nitaijaza baadaye. Mchana nilipochukua simu yangu kikapuni nilikuta wifi amenipigia mara kumi na nne.

Cheti cha daktari kinasema saa nne na dakika kumi. Kitabu changu kinasema saa nne na dakika kumi ilikuwa teki ya tatu. Watu wengi hawajui walikuwa wanafanya nini hasa dakika ambayo mtu wao alikata roho. Mimi najua, nimeiandika kwa mkono wangu. Nilikuwa natazama kama kola ya jaketi imekaa sawa.

Tulimzika nyumbani, Nyakach. Nilirudi kazini baada ya siku kumi na sita, nimevaa nyeusi. Nikaambiwa kuna kikao. Wahariri wameona kovu limehama mkono, ghuba imeshafungwa, onyesho haliwezi kurudiwa, na makao makuu wanataka kujua ni nani. Msimamizi wetu, Bwana Oluoch, alinipa pole, kisha akasema kwa upole, "Tuone tu kitabu, Mama, tumalize." Kitabu kilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikasema naenda kukichukua stoo.

Stoo nilifungua ukurasa nikaiona safu iliyo wazi. Biro yangu ilikuwa imebaki Nyakach. Nilichukua moja iliyokuwa mezani nikaandika neno moja, "kushoto". Nilikuwa na watoto watatu na hofu ambayo siwezi kuwaeleza. Niliona kwamba mume ameondoka, na sasa kazi itaondoka. Hiyo ndiyo sababu, na hainisaidii kitu.

Kikaoni Bwana Oluoch alisoma, kisha akamsukumia kitabu Salome, aliyeketi ng'ambo ya meza na ambaye sasa kosa lilikuwa lake. Salome aliutazama ule ukurasa kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. "Una la kusema?" akaulizwa. "Sina," alisema. Wiki hiyo aliambiwa asirudi. Nilimwona kutoka dirishani akivuka uwanja na boksi la rangi begani, akampungia mkono askari wa geti. Sikushuka.

Miezi miwili baadaye Nairobi walikifuta kipindi. Sababu hatukuelezwa. Sehemu ya mwisho kuonyeshwa ikawa ile ya mlangoni: nahodha, maji, kovu kulia, anatazama kamera, basi. Nchi nzima ikaachwa imesimama na yeye.

Sisi tulijua kipindi kikifutwa kimekufa. Lakini watazamaji wa "Maji ya Juu" walikataa. Kwanza zikaja barua, za mkono, zilizoandikiwa "Kwa Nahodha". Mapokezi walizirundika kwenye boksi la karatasi na mimi nilizisoma zote wakati wa chakula. Halafu wakaja wenyewe. Siku ya kutimiza mwaka mmoja tangu kifutwe watu kama ishirini walitembea kutoka Mamboleo hadi getini kwetu wamevaa jaketi za kuokolea maisha, kimya, kwa mstari. Askari wetu akauliza, "Mafuriko iko wapi?" Walikuja kila mwaka. Kila mwaka nilisimama nyuma ya pazia la ghorofa ya kwanza nikiwahesabu, na kila mwaka waliongezeka.

Kiongozi wao alikuwa Lilian Awuor, fundi wa kushona wa Mamboleo. Mkono wake wa kulia alikuwa Bwana Kirpal, Kalasinga mzee aliyestaafu karakana ya injini, aliyejenga upya chumba cha usukani cha nahodha kwa milango ya friji na dashibodi ya trekta. Kila Jumamosi mchana walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kutazama sehemu zilizorekodiwa na mtu aliyekuwa ameshika simu mbele ya televisheni yake. Kwenye sehemu ya saba mbwa anabweka na mama mmoja anaita watu wakale. Walipopata nakala safi, waliikataa. Walisema bila mbwa si sawa.

Na Lilian ndiye aliyeliona kovu. Alitazama sehemu ya mwisho mpaka akaona kuwa mkono si ule. Akafikiri, akawaeleza wenzake: chini ya ziwa kuna kituo kingine, kimepinduka kama taswira kwenye kioo. Aliyesimama mlangoni si Tindi, ni yule wa chini. Tindi wa kweli yuko majini, hai, anangoja kutolewa. Ndiyo maana barua hazikukoma. Unaweza kuacha kipindi, lakini utamwachaje mtu majini?

Kituo chetu hakikuwajibu kamwe. Mwaka huu wakaamua kupiga wenyewe sehemu ya mwisho, na Bwana Otiende, ambaye sasa ana mvi na fimbo, akakubali. Wiki moja baada ya keki yenu, Lilian na Bwana Kirpal wakabisha hodi kwangu na mkate na sukari.

"Mama, tunajua ni wewe ulikuwa unashika kitabu," Lilian alisema. "Tunataka tuone tu. Ili tusikosee nguo na vitu ya mezani."

Vitabu vyote ninavyo, viliwahi kupangwa kuchomwa nikavichukua. Ningeweza kusema vimeliwa na mchwa. Lakini alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, kama mtu aliyefika kwa daktari, nikamletea. Aliufikia ule ukurasa haraka kuliko nilivyotaka. Akauleta karibu na uso. Fundi wa kushona anajua rangi za uzi.

"Mama, mbona hii neno moja ni bluu? Zingine zote ni nyeusi."

 Nilikuwa nimeghushi kitabu cha mwendelezo kwa wino usioendelea. Angekuwepo Mzee Nashon angenicheka kwanza, kisha angenifukuza.

Lilian aliinuka. "Yawa! Bwana Kirpal, ona! Walibadilisha! Kitabu ilikuwa inasema kulia, wakubwa wakaja wakakulazimisha uandike kushoto, ndio tusijue. Si ndiyo, Mama?" Akanishika mikono yote miwili, macho yamejaa machozi. "Pole, Mama. Miaka hii yote umebeba peke yako."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na nyinyi mnajua hiyo ni nini. Alipiga picha ukurasa, akasema Jumamosi atawaonyesha wote. Walipoondoka niliketi, uso unawaka kwa aibu. Mtu alikuwa amenipa pole kwa sababu ya uongo wangu. Na ikifika Jumamosi, ule uongo ungepata watu arobaini wa kuulinda, na Salome angebaki pale nilipomwacha.

Kisumu si mji mkubwa. Nilijua siku zote kwamba Salome anauza mapazia ya mitumba Kibuye, upande wa barabara. Kwa miaka tisa nimeingilia sokoni upande wa pili. Alhamisi nikaingilia kwake.

Alikuwa anakung'uta pazia. Aliniona, akaendelea kukung'uta mpaka likaisha vumbi.

"Umestaafu," alisema. "Nilisikia."

"Salome, nimekuja kwa ile siku ya kikao."

"Neno la bluu."

Nilishika meza yake. "Ulijua?"

"Mimi rangi ni kazi yangu. Niliona kabla hata sijasoma imeandikwa nini."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umevaa nyeusi, macho imefura, umemzika mtu juzi. Nani angenisikiza mimi? Na mimi mwenyewe nilikuonea huruma." Alianza kulikunja pazia, pembe kwa pembe. "Ile ya mkono, hata sikukasirika. Mtu wake yuko hospitali, anaweza kukosea. Nikasema, wacha amalize matanga, atakuja. Nikangoja wiki. Nikangoja mwezi. Nilikungoja mwaka mmoja na nusu, Mama. Halafu nikauza lile boksi ya rangi."

Nililia pale sokoni, mbele ya wateja. Nilimwambia anisamehe. Alilichukua lile ombi kama mtu anayepokea nguo anayotaka kuikagua kwanza.

"Sijui," alisema. "Kusema kweli sijui. Lakini hao watu wako wa Jumamosi, waambie. Nitakuja nisikie kwa masikio yangu."

Jumamosi saa tisa ukumbi ulijaa jaketi za chungwa. Kwenye ukuta walikuwa wamemsimamisha nahodha mlangoni, mkubwa kuliko mlango wenyewe. Ile picha sikuwahi kuitazama tangu ilipopigwa. Salome aliketi nyuma kabisa, mkoba magotini. Lilian aliposema "Mama Akoth ana neno", watu walipiga makofi, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Niliwaambia. Uji, gari la saa kumi na mbili na nusu, kulia kwangu na kushoto kwake, biro ya bluu, na jina la aliyefukuzwa. Niliwaambia kuwa hakuna mkubwa aliyenilazimisha. 

Lilian ndiye aliyeuliza, polepole. "Kwa hivyo hakuna kituo chini."

"Hakuna, nyathina, mwanangu. Palikuwa na mimi tu, nimesimama mbele yake."

"Na Tindi hayuko majini."

"Hayuko."

Aliutazama ukuta. "Hiyo ndio kitu pekee nimewahi kugundua maishani," alisema, akatoka nje, akaketi ngazini na jaketi lake. Mtu mmoja upande wa madirisha akaniambia kwa sauti kuwa ningekaa na siri yangu nife nayo, kwani ingemdhuru nani? Halikuwa swali langu kulijibu.

Salome aliinuka. Alipita katikati ya viti hadi mbele. "Ingenidhuru mimi," alisema. Akamgeukia Bwana Kirpal aliyekuwa na mashine. "Hapo. Mlete karibu, huo mkono."

Bwana Kirpal aliweka ile nakala safi waliyoikataa, akaukuza mkono mpaka ukajaza ukuta.

"Angalieni pembeni ya kovu," Salome alisema. "Nionyesheni mahali gundi inaanzia."

Bwana Kirpal alisogea hadi ndevu zake zikakaribia ukuta. Alitafuta juu, akatafuta chini. "Siioni," alisema.

"Hutaiona. Niliambiwa kulia nikaweka kulia, na niliweka vizuri. Wakasema sijui kazi. Nimeuza pazia miaka tisa watu wakisema sijui kazi." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. "Basi. Hiyo ndiyo nilitaka mtu aone."

Watu walianza kuinuka mmoja mmoja kwenda kulitazama lile kovu, kwa mstari, vile walivyokuwa wanatembea getini. Lilian alikuwa amesimama mlangoni. Sijui aliingia saa ngapi. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alipomaliza alimwuliza Salome anaandikaje jina lake lote, akaliandika kiganjani.

Wakajadiliana hadi jioni. Wengine walitaka kuacha. Bwana Kirpal alisema karakana yao iliwahi kufunga chuma kinyume kwenye mashua moja, ikaenda miaka kumi, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Kovu likabaki kulia, kwa kuwa watu walishaliona. Lakini hadithi Lilian aliibadilisha ndani ya siku nne. Hakuna nahodha wa pili tena. Yuko mmoja, kuna jambo alilitenda, na watu wa kituo wamesimama nyuma yake wanangoja alitamke. Sikumwuliza alilitoa wapi wazo hilo.

Tulipiga picha Jumamosi iliyopita, Kusa, asubuhi, ziwa likiwa wazi. Lilian alikuwa ameniandika kwenye orodha: kitabu, Mama Akoth. Nilikuwa nimenunua kipya, nimekipiga safu. Salome alikuja na rangi za kuazima, akamkalisha Bwana Otiende kwenye kreti, na kwa dakika arobaini hakuna aliyemsemesha. Alipomaliza alinawa mikono ziwani, akaja mpaka niliposimama.

"Lete kitabu," alisema.

Nilimpa. Nilivua na biro shingoni nikampa. Alifungua ukurasa wa kwanza, akatazama saa yake, akaandika saa. Kisha akamwendea Bwana Otiende, akauinua ule mkono, akautazama pande zote, na kwenye safu ya mwili akaandika papo hapo, polepole, kwa herufi kubwa. Nilimfuata nikasimama nyuma yake nione alivyoandika. Hakugeuka.

"Sogea, Mama Akoth," alisema. "Unaniziba mwanga."

Nikasogea.